Anga Safi Juu ya Kaburi la Baba

Mama alipoteleza kwenye mfongo, kaka alitoa hukumu. Mfongo ni mfereji wa maji unaokatiza kihamba chetu kule Machame, na kihamba ndilo shamba letu la ukoo: nyumba katikati, migomba na kahawa pande zote, wafu wetu wamelala humo humo. Mama alikuwa amebeba majani ya ng'ombe. Nyonga ikagoma, akabaki kwenye maji yale ya baridi ya mlimani mpaka jirani yetu, mjane mwenzake, alipokuja kuazima panga akasikia mtu anaimba nyimbo za kanisani kutoka mferejini. Mama alisema aliimba kwa sababu kupiga kelele ni aibu.

Krismasi tulipanda wote nyumbani, kama Wachaga tunavyofanya hata tukiwa hatuna nauli ya kurudia. Baada ya machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, kaka, ambaye ni mkubwa wetu na anaishi Dar, alifuta mdomo na kusema, "Kuanzia sasa mama aonekane kwenye simu kila siku, au anashuka mjini. Basi." Dada alikuwa Ulaya, kwenye simu iliyowekwa juu ya meza ya chakula. Akakubali, kisha sauti yake ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. "Mnaona?" kaka akasema, kana kwamba mtandao ulikuwa shahidi wake.

Mama alikuwa akikusanya sahani. Hakugeuka. "Mimi siendi kufia ghorofani," alisema. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi ghorofani, lakini tulimwelewa.

Kazi ya kuleta intaneti nikapewa mimi, kitinda mimba, kwa sababu nafanyia kazi nyumbani kwangu Njoro, huku mjini, nawapangia watalii safari na mahoteli, na kwa akili ya familia yetu mtu anayeshinda mbele ya kompyuta anajua kila kitu chenye waya. Niliipokea kwa moyo wote. Kwa mila yetu nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho. Siku moja nitazikwa pale, na sikutaka kihamba kifungwe mama angali hai.

Nianze na ninachokijua. Njoro nina faiba. Kijiwaya chembamba kinaingia ukutani, unabonyeza picha inafunguka kabla hujameza mate. Ubaya wake ni mmoja: mtu akichimba msingi wa choo mtaa wa pili na kuugonga waya kwa sururu, mtaa mzima unakaa matanga mpaka mafundi waje. Rafiki yangu wa Rau anatumia rauta ya hewani, ile ya kizazi cha tano, na anaringa nayo kama amezaa mapacha. Haina waya, unaichomeka tu. Ila imempangia pa kukaa, maana ukiitoa dirishani na kuipeleka chumbani inanuna.

Kule juu mambo ni mengine. Zamani baba alikuwa na simu ya mezani, ya waya wa shaba. Waya uliibwa siku nyingi, ukayeyushwa, na nguzo moja iliyobaki mama anaifungia mbuzi. Hiyo sikuihesabu.

Nilianza na rauta ya laini ya simu kwa kuwa ndiyo rahisi. Mnara uko nyuma ya kilima, na kati yake na sisi kuna msitu wa migomba ambayo majani yake yamejaa maji. Niliiweka dirishani, nikaiweka juu ya kabati, nikaipandisha darini penye mahindi. Darini ilishika. Picha ya mama ilikuja vipande vipande, jicho kwanza, halafu kilemba, halafu hakuna kitu. Na hiyo ilikuwa siku ya kawaida. Desemba, ndugu zetu wote wanapopanda na simu zao, ule mnara unaelemewa, hata salamu ya maandishi inachelewa kufika. Debe tupu haliachi kuvuma: kwenye tangazo la kampuni ya simu mzee wa kijijini anacheka na wajukuu, na nyuma yake hakuna hata mgomba mmoja.

Nikajaribu faiba. Ilikuwa imefika barabara ya lami huko chini. Kampuni ikasema italeta nguzo, mradi wenye vihamba vya katikati wakubali. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa watu ambao sijawaona tangu kipaimara. Wote walikubali isipokuwa ndugu wawili wenye kesi ya mpaka. Mmoja alisema nguzo ipite upande wake, ili iwe ushahidi kwamba pale ni kwake. Wa pili akasema nguzo ikisimama pale ataing'oa kwa meno. Nikawaambia nataka tu kumwona mama yangu. "Mama yako tunamwona kila siku," yule wa pili akanijibu. "Wewe ndiye hatukuoni." Nilishuka na hasira zangu.

Kulikuwa na ile ya redio pia: kidishi juu ya paa letu na kingine juu ya kilima cha ng'ambo, vinatazamana kama majirani wenye ugomvi. Kikiingia kitu katikati, hakuna mawasiliano. Katikati ulisimama mti mrefu wa mringaringa aliopanda babu, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Mama alisema, "Kata wa babu yako, halafu mwambie mwenyewe kwa nini."

Ikabaki setilaiti. Fundi alikuja kutoka mjini na dishi jeupe la mstatili, dogo kuliko nilivyodhani. Alinieleza vizuri. Faiba ni ya kasi kuliko zote na haijali mawingu. Ya laini ni nyepesi kuanza, ila unagawana na kila aliye chini ya mnara. Ya redio inataka kuonana uso kwa uso. Hii ya setilaiti haihitaji mnara wala jirani. Inataka anga tu.

"Anga tu," nikarudia. Nilicheka. Machame tuna anga kubwa kuliko mahali popote.

Fundi akawasha simu yake, akaielekeza juu na kuanza kuzunguka. Kwenye kioo, kila palipozibwa na tawi palikuwa pekundu. Juu ya paa, pekundu. Zizini, pekundu. Kwenye kahawa, pekundu. Tulizunguka kihamba kizima na nilikuwa sijawahi kutambua kwamba tunaishi chini ya majani kiasi kile, kwamba utoto wangu wote ulikuwa kivulini. Nguzo ndefu? Alisema ingebidi iishinde miringaringa ya babu kwa urefu, na upepo wa Agosti ungeilaza. Kisha alipita nyuma ya nyumba, akasimama. "Aisee, hapa safi kabisa," alisema.

Alikuwa amesimama kwenye kaburi la baba.

Niliujua ule uwazi, ila sikuwahi kujiuliza ulitoka wapi. Mama ndiye alikuwa akiukata. Tangu tulipomzika baba, kila mgomba uliojaribu kuinamia kaburi aliushusha, kila tawi aliliondoa kwa panga. Baba alilalamika siku zake za mwisho kitandani kwamba haoni nje.

Mama aliposikia, alikataa. Hakupiga kelele. Aliendelea kumenya ndizi za mtori na kusema hapana, kama anavyomwambia mtu anayetaka kununua ng'ombe wake. Nikamkumbusha kaka alichosema. Hapana. Nikamwambia atachukuliwa kama gunia. Hapana.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu wa kwingine asingelifikiria. Nilikwenda kwenye mpaka, nikachuma jani la isale. Isale ndio mmea tunaopanda mipakani na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu, hata kama umemwaga damu, ukamletea isale, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Nilirudi nikapiga magoti jikoni na kumpa mama lile jani kwa mikono miwili.

Aliliangalia. "Isale ni ya kosa lililokwisha kutendeka," alisema. "Wewe umeniletea kabla ya kosa. Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna, mama."

"Sasa nitakataaje? Umenifunga mikono." Akalipokea. Vidole vyake vilikuwa vimegandwa na utomvu wa ndizi, na jani lilimnatia. "Hilo kosa bado linakuja, mwanangu. Na msamaha wake umeshautumia."

Niliona ni maneno ya mzee aliyeshindwa. Siku hizi nayasikia nikiwa naoga, nikiwa naendesha gari, nikiwa nimekaa kanisani.

Aliweka sharti moja: dishi lisimame miguuni, si kichwani, na baba aambiwe kwanza. Akaenda mwenyewe. Alisema naye kwa Kichaga, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemweleza mumewe kwamba kuna wageni. Fundi hakuwa Mchaga, lakini alivua kofia.

Ilifanya kazi siku ile ile. Tulifunga kamera kwenye kona ya baraza, pale ilipoona uwanja na pia kile kipande cha nyuma chenye kaburi. Ilikuwa na kipaza sauti, hivyo mtu wa mbali aliweza kusema na kusikia. Dada alikuwa wa kwanza. "Mama, umekunywa dawa?" sauti ikatoka ukutani, na mama akaangusha ungo.

Majuma ya mwanzo yalikuwa matamu, siwezi kudanganya. Mvua kubwa ikinyesha picha ilikwama, lakini siku nyingine zote ilikuja safi mpaka tukaona kuku anapepesa macho. Dada alimwona mama akianika kahawa akalia kwa furaha. Kaka aliacha simu mezani ofisini kwake, mama akiwa ndani yake, anafagia. Mama naye alizoea. Akipita barazani anainua mkono bila kutazama, kama anavyompungia mtu aliye ng'ambo ya mfongo. Niliamini nimemwokoa.

Kisha kaka akatuma kipande cha video kwenye kundi letu la familia. Hakuandika neno. Mama anatoka jikoni jioni na kibuyu cha maziwa, anakwenda kaburini, anamimina kidogo chini. Anaongea. Ananyamaza. Anacheka, anatikisa kichwa, anaongea tena.

"Mama anaongea peke yake," dada akaandika.

"Na anasubiri ajibiwe," kaka akaandika.

Nilishikwa na hasira. Mama ni Mlutheri, amekuwa kwenye kwaya tangu ujana, na mtu akimuuliza kuhusu yale maziwa husema anasuuza kibuyu. Sote tulikua tukimwona bibi anasuuza kibuyu chake. Kaka huyu huyu alitumwa na kibuyu hicho hicho utotoni, na alikimbia nacho. Nilimwandikia hayo yote. Nikampigia.

"Dogo," alisema taratibu, "zamani nilikuwa naona mila. Sasa naangalia hii video naona mgonjwa."

"Mtu ni yule yule."

"Tazama video."

Nilitazama. Na hili ndilo linalonitesa: ndani ya kile kioo kidogo, bila harufu ya moshi, bila mlio wa maji, bila ubaridi wa jioni miguuni, mama alionekana mgonjwa kweli. Alionekana bibi kizee aliyepotea, anaongea na ardhi. Niliizima simu.

Kaka alikuja na gari mwezi uliofuata. Daktari alikuwa ameonyeshwa video, akasema uzee unaanza kula kumbukumbu, asiachwe peke yake. Hakumuuliza mama hata majina ya mbuzi wake, na angeulizwa angeyataja na ya mama zao. Mkubwa akishasema, kwetu imesemwa. Nilibishana mpaka nikaitwa mtoto. Mama aliwakabidhi ng'ombe na mbuzi kwa jirani, akafunga mlango, akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko kidogo tu. Alipopita mbele yangu hakunilaumu.

Sasa yuko kwangu Njoro, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani. Anakula kidogo, anasali sana. Tuna faiba, na alipoomba aonyeshwe nyumbani, picha ilifunguka papo hapo kwenye kishikwambi changu. Uwanja. Majani makavu ambayo hakuna aliyeyafagia. Kaburi. Mgomba mmoja ulikuwa umeanza kuinama juu yake.

"Anafunikwa," mama alisema.

Toka siku ile, kila jua likishuka, anakuja kukaa karibu na meza yangu ya kazi. Hasemi anachotaka. Mimi nafungua picha, nabonyeza alama ya kipaza sauti, nainuka. Anamsalimia baba kwa Kichaga. Anamwambia amekula nini, nani ameumwa, mimi nimegombana na nani kwenye simu. Sauti yake inashuka kwenye waya wa Njoro, inapanda angani, inaanguka Machame, inatokea barazani kwenye nyumba iliyofungwa. Halafu ananyamaza na kusikiliza. Kutoka kule yanakuja maji ya mfongo, upepo kwenye migomba, basi. Lakini mama anatikisa kichwa, anacheka, anajibu. Siku moja nilisimama nyuma yake nikakazana kusikia. Naogopa kusema nilichokuwa nakitafuta. Sikusikia kitu, nikaona uchungu, kama aliyeachwa nje ya mazungumzo ya wazazi.

Kaka alishauri tukate huduma ya setilaiti. Hakuna mtu wa kumwangalia, alisema. Nilimjibu nitaikata. Sijaikata.

Juzi mama alikaa kama kawaida na nikafungua picha. Kabla sijabonyeza kipaza sauti, watu wakaingia uwanjani. Wanawake. Wa kwanza alikuwa jirani, yule mjane, na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake mwingine na kuni. Mwingine na maziwa. Wale wa kwaya yake, na vitenge vimefungwa kiunoni vile vinavyofungwa siku ya msiba tu. Waliweka vitu barazani, na mmoja akaanza kufagia majani.

Mama alisogea karibu na kioo. Aliwataja mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kama anayehakikisha.

Simu yangu ikalia. Kwenye picha niliona jirani ameshika simu sikioni.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nyie wa mjini mnaficha msiba mpaka wasafiri wafike, tunajua. Lakini mama yako tunamsikia. Kila jioni anaongea na mume wake hapa. Watoto wa kijijini wanaogopa, hawapiti tena hapa. Tukasema tusimwache peke yake namna hii, tuje tumlilie."

"Mama hajafa," nilisema. "Yupo hapa. Ni kamera ile, inatoa sauti."

"Kamera haiwezi kuongea na marehemu."

"Mama yupo hai. Amekaa hapa pembeni yangu."

Aliitoa simu sikioni, akawaambia wenzake. Wote wakageuka kutazama kwenye kamera, na mwenye ufagio akauacha. Nilimwashia mama kipaza sauti ili awasalimie. Mama akanishika mkono akaurudisha, akakizima mwenyewe. Jirani akarudi kwenye simu, na sasa alikuwa mkali.

"Kama yupo hai, mbona hayupo?"

Sababu nilikuwa nazo. Nilikuwa na nyonga, nilikuwa na daktari, nilikuwa na kaka. Hakuna hata kimoja nilichoweza kumwambia mwanamke yule aliyekuwa amebeba mkungu kichwani kupanda kilima.

Nilipogeuka, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Alikuwa chumbani, anafunga kitenge, anatafuta viatu chini ya kitanda. Sikumpigia kaka. Kwenye kioo wale wanawake walikuwa wameanza kukaa chini, mmoja mmoja, migongo kwenye ukuta wa baraza, kama watu wanaosubiri mwili ufike. Nikachukua funguo za gari.